Chombo Kilicholala Kabla ya Mafuriko

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka buti nilizovaa. Zilikuwa buti za mpira, za kijani, kubwa kuliko miguu yangu, na nilikuwa nimesimama ndani ya matope ya Nyakabuye nikitabasamu peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Katika ofisi yetu ya kupima maji pale Kamembe, kusini-magharibi mwa Rwanda, nilikuwa binti peke yangu kati ya mafundi, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, shefu, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa amenikabidhi kazi nzima niiongoze mimi.

Nakuandikia wewe unayeanza kazi hii sasa, na kompyuta yako nyepesi na vyombo vyako vizuri kuliko vyetu. Nimestaafu. Magoti yangu hayataki tena kushuka kwenye kingo za mito. Lakini jambo hili nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe, kabla hujalisikia kwa watu wengine wakilipunguza au kulitia chumvi.

Mto wa pale Nyakabuye unashuka kutoka upande wa msitu wa Nyungwe, unapinda kati ya vilima, kisha unafunguka kuelekea tambarare ya Bugarama. Wakati wa kiangazi unauvuka ukiwa umekunja suruali tu. Wakati wa masika unageuka mto mwingine. Watu wa pale walikuwa wanavuka juu ya magogo mawili, na kila mwaka mvua kubwa iliyachukua magogo, wakakata mengine. Shule ilikuwa ng'ambo ya pili, na kituo cha afya pia. Kwa hiyo uliposikika uamuzi wa kujenga daraja la kweli, hakuna aliyehitaji kuelezwa faida yake.

Injinia wa daraja alikuwa mtu wa maneno machache. Alituomba vitu viwili tu: maji yanapanda kiasi gani, na yanakwenda kwa kasi gani, msimu wote wa masika, bila kuruka siku. Nguzo zikiwa fupi, maji yatapita juu ya daraja. Misingi ikiwa ya juujuu, kasi ya maji itachimba mchanga chini yake mpaka nguzo ilale.

Ndiyo maana tulileta kile chombo. Kilikuwa na ukubwa wa sufuria ya ugali wa familia, kikakaa ndani ya fremu ya chuma, kikazamishwa mpaka chini ya mto. Kutoka kule chini kinapeleka juu milio midogo ambayo sikio la mtu halisikii. Milio inagonga vumbi na takataka zinazosafiri na maji, inarudi, na kwa jinsi ilivyorudi chombo kinajua maji yanakwenda mbio kiasi gani; na kwa uzito wa maji yaliyo juu yake kinajua yamepanda mpaka wapi. Kinaandika katika hifadhi yake, kinalala, kinaamka tena. Lakini kile chetu hakikuwa na waya wa kuleta habari juu. Kikiishiwa nguvu, hakina namna ya kuita. Wewe unabaki Kamembe unakunywa chai yako na kudhani kiko macho.

Ofisini nilikuwa nimepiga hesabu vizuri. Kipimo kimoja kila dakika kumi, betri ingefika siku tisini na nane. Sisi tulitaka siku tisini. Nilimwonyesha shefu karatasi, akaweka sahihi.

Sasa nikiwa pale ukingoni, kompyuta juu ya magoti, mtu amenishikia mwavuli, likanijia wazo. Dakika kumi ni nyingi, nilijiambia. Mto huu unaweza kupanda na kushuka katikati ya kipimo kimoja na kingine. Nikipima kila dakika tatu, mchoro wangu utakuwa laini, kila wimbi litaonekana, na shefu atajua amempa kazi mtu anayeijua. Nikafuta kumi, nikaandika tatu. Ni kidole kimoja tu, mwanangu. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Mzee Ramazani aliniona. Huyu alikuwa fundi wetu wa zamani, wa familia moja ya Waislamu wa Kamembe, mtu aliyepima mito hii kwa fimbo na kapangaboi kadogo ka chuma kanakozungushwa na maji kabla vyombo vya sauti havijafika kwetu. Ile fremu aliiunga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Alisogea akasimama nyuma yangu.

"Umebadirisha kitu?" akauliza.

"Kidogo tu, Mzee. Nimeongeza vipimo."

"Na hesabu ya batri, umeirudilia?"

Mvua ilikuwa inazidi. Vijana wanne walikuwa wameshika fremu wakisubiri neno langu. "Batri iko kubwa, Mzee," nikamjibu. "Iko sawa."

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema. "Leo shefu ni wewe."

Nilidhani amenisifu.

Hapo karibu na mto palikuwa na nyumba ya Maman Vestine na mume wake, Papa Aloys. Wao walilima mpunga na mihogo, na kwa kuwa Maman Vestine alikuwa amefanya biashara ya mchele miaka mingi na watu wa Bukavu na Uvira, Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko cha wengi pale. Waya wa chuma ulioshika fremu tuliufunga kwenye mti uliokuwa mwisho wa shamba lao. Alikuja akiwa ameshika kiuno, akatazama vile chombo kinazama.

"Hii kitu inafanya nini mule ndani?"

Nikamweleza, na nilimweleza kwa maringo. Nikasema kitakaa macho mchana na usiku, siku tisini. Maji makubwa yakija, kitayaandika yote, na kutoka kwenye maandishi hayo injinia atajua namna ya kujenga.

"Kumbe hii njo italeta daraja?"

"Ndiyo, Maman. Ni hii."

"Basi tutaichunga," akasema, na akamwita mume wake aje aone waya umefungwa wapi.

Mafuriko yalikuja katikati ya msimu, siku ya Jumapili. Habari zilifika Kamembe kwa watu wa taksi: magogo yamekwenda, migomba imelala, barabara imekatika. Nitakwambia kitu ambacho naona haya kukisema mpaka leo. Nilifurahi. Nilikaa mezani nikafikiri, kumbe bahati yangu, mafuriko makubwa kama haya na chombo changu kiko chini kinaandika.

Siku ya tisini tulirudi kukitoa. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba ule mti haupo. Palikuwa na shimo na mizizi michache. Nikaanza kuutafuta waya majini. Lakini Papa Aloys alitushika mkono akatupeleka juu zaidi, kwenye mti mwingine mnene, na waya wetu ulikuwa pale, umezungushwa mara nne na kupigwa fundo la mtu asiyetaka mchezo.

Maman Vestine ndiye aliyetueleza. Ile Jumapili maji yalikuwa yanachimba chini ya mti wa kwanza, ukaanza kuinama. Wakaona mti ukienda, waya utakwenda, na mashine nayo. Wakaingia wote wawili, maji yakiwafika kifuani, wakafungua waya na kuuhamisha. Fremu ilivuta ghafla, waya ukambana Papa Aloys mkono kwenye shina. Akatuonyesha. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena.

"Tulisema, mashine ikienda, daraja nayo imeenda," Maman Vestine akasema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida tu.

Tukakitoa chombo. Nikakipangusa matope, nikakiunganisha na kompyuta pale pale juu ya nyasi, na wote wakazunguka kuangalia. Nilikwenda moja kwa moja mwisho wa orodha. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha siku ya ishirini na tatu.

Nikafunga, nikafungua tena. Siku ya ishirini na tatu. Mafuriko yalikuja siku ya arobaini na moja. Wakati watu hawa wawili wako ndani ya maji wanapigania waya, chombo kilikuwa kimekufa wiki mbili na zaidi.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kunitia aibu. Ukipima kila dakika tatu badala ya kumi, siku tisini na nane zinakuwa ishirini na tisa. Na ile betri haikuwa mpya: tulikuwa tumeiwasha karibu wiki nzima tukijaribu chombo ziwani, pale chini Kamembe, na siku zile hakuna aliyezitoa kwenye hesabu. Hata kama betri ingefika, hifadhi yake ilikuwa ndogo kwa vipimo vingi namna ile. Ingejaa kabla ya siku tisini. Nilikuwa nimekosea pande zote mbili kwa kidole kimoja.

"Basi inasema nini?" Maman Vestine akauliza. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, anatabasamu. "Ile siku, maji ilikuwa na nguvu gani?"

Nikamwambia, "Tutaangalia vizuri kwa biro, kule ofisini, Maman."

Mzee Ramazani alikuwa ameona kioo cha kompyuta.

Shefu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake, na wao walitaka ripoti. Aliposikia, akasema, "Andika kasi kubwa iliyorekodiwa na chombo, basi. Hilo si uongo." Na kweli halikuwa uongo. Nikaandika. Mstari mmoja, namba moja, nzuri, yenye nukta. Mtu yeyote angesoma angedhani ndiyo kasi kubwa ya masika yote.

Mchana ule Mzee Ramazani alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu. Hakuwa na mazoea ya kukaa ofisini. "Nisomee hiyo namba," akasema.

Nikamsomea.

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Mzee."

"Ya siku gani?"

Nikaifunika karatasi kwa mkono.

"Andika siku yake kando."

"Mzee, nikiandika siku, bataona kama chombo kilisimama. Bataona ni mimi."

"Ndiyo. Bataona." Alikuwa anasema polepole, bila hasira, na ingekuwa afadhali angenipigia kelele. "Mutoto wangu, namba yako haina kosa. Lakini bila siku, itasema uongo mbele ya enjeniere, na yeye atasimamisha nguzo juu ya ule uongo. Aloys ameshapoteza vidole juu ya ile mashine. Unataka apoteze nini tena?"

Nililia, mwanangu. Yeye alikaa tu, anaangalia dirishani, mpaka nikamaliza. Kisha akasema jambo moja zaidi: "Pale kwa mto nilikuuliza, na nikakuachilia. Iyo nayo ni kosa yangu. Ningekuuliza mara ya pili." Akainuka akaenda kwenye karakana yake.

Nikaandika ripoti upya. Nikaweka siku ya kwanza na siku ya mwisho, nikaweka sababu, nikaweka jina langu. Shefu alikaa siku mbili bila kuniamkia, siku ya tatu akatia sahihi. Injinia alikuja kuisoma mwenyewe.

"Nani alibadilisha dakika?"

"Mimi."

Akafunga faili. "Asante kwa kunipa tarehe," akasema. "Kiangazi hiki hatuwezi kuanza. Tutapima tena."

Bado nilikuwa na kazi ya kumwambia Maman Vestine. Nilimwomba Mzee Ramazani aseme kwa niaba yangu. Akakubali kunisindikiza, lakini tulipofika alibaki karibu na gari, akanionyesha nyumba kwa kidevu.

Walikuwa uani wanamenya mihogo. Niliwaambia nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nikasema chombo kiliishiwa nguvu kabla ya mafuriko, nikasema ni kwa sababu yangu, nikasema daraja litachelewa mwaka mzima. Papa Aloys, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alimwangalia mke wake amfasirie. Yeye hakufasiri.

"Ilikufa siku gani?" akaniuliza.

"Ya ishirini na tatu."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Kumbe tulikuwa tunachunga maiti," akasema. Akaweka kisu chini, akaingia ndani.

Nikabaki na Papa Aloys na lile rundo la mihogo. Nilidhani mambo yameishia pale, nami nilistahili. Lakini alitoka tena, amevaa buti, ameshika jembe. "Kuja," akasema.

Akanipeleka nyuma ya jiko. Kwenye ukuta wa udongo palikuwa na mstari wa matope makavu, umenyooka kama uliochorwa. Akanipeleka kwenye mti, akaniambia maji yalifika tawi lile. Kwenye mawe, kwenye nguzo ya zizi la jirani, kila mahali aligonga kwa mpini wa jembe. "Hapa. Na hapa. Ile mashine yako ililala. Sisi hatukulala."

Mzee Ramazani alikuwa ameshatoa vifaa vya kupimia kwenye gari. Tulipima alama zote mpaka jioni. Tukapata urefu wa maji. Kasi hatukuipata, kwa sababu ukuta hauandiki kasi.

Masika yaliyofuata tulikaa wawili na karatasi siku tatu kabla ya kugusa chombo. Mzee alisema mashine unayoizamisha ni kama mtu unayemtuma safari ya mbali: uulize atakula siku ngapi, na daftari yake ina kurasa ngapi. Tukaanza na siku ya kurudi, tukahesabu kurudi nyuma. Betri mpya, na siku za majaribio tukazitoa mapema. Tukazidisha idadi ya vipimo kwa nafasi ambayo kila kipimo kinachukua, tukahakikisha hifadhi inabaki na nafasi. Tukaacha akiba ya theluthi nzima, kwa ajili ya barabara kukatika tukashindwa kufika siku iliyopangwa. Na katikati ya msimu tulikwenda tukakitoa, tukanakili yaliyomo, tukakirudisha. Kilifanya kazi siku zote bila kuruka hata moja.

Lakini mvua ya mwaka ule ilikuwa ya upole. Maji yalipanda, yakashuka, watu wakashukuru. Mafuriko kama yale ya Jumapili hayakurudi. Nilikuwa na orodha iliyokamilika ya msimu ambao haukuwa na jambo.

Injinia alichukua alama za Maman Vestine na kasi za mwaka wa upole, akakadiria zilizobaki. Alichimba misingi chini kuliko pengine ilivyohitajika, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumhakikishia. Daraja lipo, limesimama, linavukwa. Lakini katika mwaka ule wa kusubiri, watu walizunguka njia ndefu ya mlimani masika yote. Mama mmoja alibebwa kwenye ngobyi, ile machela yetu ya miti, nusu ya siku, ili afike kuzaa. Alifika, Mungu ni mwema, na mtoto alikuwa mzima. Mimi nilisikia habari hiyo baadaye, sokoni, na nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Mpaka leo hakuna mtu duniani anayejua maji ya ile Jumapili yalikwenda kwa kasi gani. Injinia hajui, mimi sijui, na mto hauulizwi mara ya pili.

Mwanangu, najua utasema vyombo vya sasa si kama vile. Betri zenu zinakaa, na hifadhi yenu, yenye ukubwa wa kucha, inabeba mito yote ya Rwanda. Vyema. Lakini kadiri nafasi inavyokuwa kubwa, ndivyo tamaa ya kupima kila kitu kila sekunde inavyokua, na mnafika pale pale tulipofika sisi. Kabla ya kuzamisha chombo, jiulize kwanza swali unalotaka kijibu, kisha ukipe nguvu na nafasi ya kujibu swali hilo mpaka siku utakayorudi, na siku kadhaa zaidi. Ukibadilisha hata namba moja ukingoni, rudi kwenye hesabu, hata kama mvua inanyesha na watu wamechoka kushika fremu. Watasubiri. Dakika zile chache ni fupi kuliko mwaka mzima ambao watu wa Nyakabuye walisubiri kwa kosa langu. Mzee akikuuliza swali fupi, usimjibu haraka. Na siku utakayokosea, maana itakuja, andika tarehe kando ya namba, weka jina lako, halafu nenda mwenyewe kwa mwenye shamba ukamwambie kwa mdomo wako.

Mungu akulinde kwenye kingo zinazoteleza. Akupe mkono usio na haraka na ulimi usioficha. Akupe watu kama Ramazani wa kukuuliza, na watu kama Vestine wa kukusamehe bila kukudanganya. Uende salama, urudi salama, na kila utakachokizamisha ukikute macho.